Apeli iliyotoka Kasongo ikachelewa: kutoka Ngandu 1893 mpaka kesi ya Chebeya



Huku kwetu Kasongo na Kabambare, mtu akisikia neno rufaa, ama apeli kama tunavyosema mtaani, mara nyingi anafikiria tajiri anayetaka kuchelewesha kesi. Nimesikia hata wasomi wenzangu wakisema: "Tribinali imekwisha kusema, apeli ya nini tena? Apeli ni ya wenye franga." Leo nataka kujibu maneno hayo kwa njia ya historia, juu historia ndiyo niliyosoma.

Nitachukua kesi mbili. Ya kwanza ilitokea jirani na sisi, mwaka 1893, na ilikwisha upesi sana. Ya pili ilianza Kinshasa mwaka 2010 na ikachukua karibu miaka 12. Kati ya hizo mbili kuna zaidi ya miaka mia, lakini swali ni lile lile: kama wenye bunduki na ufunguo wa kasho ndio wanaosema fulani ana kosa, nani atakagua maneno yao? Na je, atafika kabla mambo hayajaharibika?

Tuanze nyumbani.

Ngongo Leteta, ambaye Wazungu waliandika Gongo Lutete, alikuwa mkubwa wa Ngandu, kwenye mto Lomami, magharibi ya Kasongo. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya Tippu Tip, akikusanya pembe za ndovu, na jina lake liliogopwa. Simfanyi malaika. Vijiji vingi viliumia mikononi mwake. Mwaka 1892 alishindwa vita na askari wa Leta ya Kongo, ile ya mfalme Leopold II, wakiongozwa na Francis Dhanis. Akabadilisha upande. Toka pale watu wake wakawa nguvu kubwa ya Dhanis katika vita na Waarabu na Waswahili wa Maniema. Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu 1893. Kasongo ikatekwa tarehe 22 Aprili mwaka ule ule.

Mtu angefikiri kwamba rafiki kama huyo atalindwa. Lakini haikupita hata nusu mwaka, maofisa Wazungu waliobaki Ngandu wakamshitaki kwamba anapanga uhaini. Luteni Scheerlinck akamkamata. Likaundwa baraza la vita la maofisa, wakamhukumu kifo. Angalia vizuri jinsi mambo yalivyokwenda: waliomshuku, waliomfunga na waliomhukumu walikuwa watu wa posti moja, wa jeshi moja. Avoka hakuna. Mtu wa nje wa kuuliza "ushahidi uko wapi?" hakuna.

Habari ilifika Kasongo, alipokuwa Dhanis. Yeye hakuamini mashitaka hayo, maana Ngongo alikuwa amepigana upande wake mwaka mzima. Akamtuma haraka daktari wa jeshi, Mwingereza Sidney Hinde, akazuie hukumu. Hinde mwenyewe aliandika mambo haya baadaye katika kitabu chake juu ya vita vile. Alifika Ngandu, lakini alikuwa amechelewa. Tarehe 15 Septemba 1893 Ngongo alikuwa amekwisha kupigwa risasi. Kabla ya hapo alijaribu kujinyonga ndani ya kasho, wakamkata kamba, wakamrudishia uhai, halafu wakamuua wao wenyewe.

Kwa sheria, agizo la Dhanis halikuwa rufaa. Mahakama ya rufaa ya Leta ilikuwa Boma, kule karibu na bahari, mwisho mwingine wa nchi. Lakini kazi agizo lile lilitaka kufanya ni kazi ya rufaa kabisa: mtu wa pili, ambaye hakuwamo katika hasira ya kwanza, aangalie tena kabla damu haijamwagika. Kilichokosekana ni muda tu. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

Na matokeo yake? Wengi wa watu wa Ngongo walikuwa askari wa Leta. Mwezi wa saba 1895 askari wa Luluabourg waliasi, wakamuua kapiteni Pelzer. Wanahistoria wanataja sababu nyingi: viboko, mishahara isiyolipwa, mateso ya maofisa. Lakini kifo cha Ngongo kimo katika hesabu hiyo kila mara. Mwaka 1897 uasi mwingine ulitokea Ndirfi, mbali kaskazini-mashariki, ndani ya msafara wa Dhanis mwenyewe. Njaa na safari ndefu zilikuwa sababu kubwa, lakini askari wengi walikuwa Watetela na jirani zao, na kifo kile hakikuwa kimesahauliwa. Waasi walishuka kusini wakipigana, na mwaka 1898 waliteka posti ya Kabambare. Ndiyo, Kabambare yetu. Siwezi kusema hukumu moja ilileta vita vyote hivyo. Ninasema hivi: Leta iliyokataa kumsikiliza mtu mmoja kwa wiki chache ilihangaika na bunduki kwa miaka mingi, na vumbi la vita lilifika mpaka kwetu.

Sasa kabla ya kuruka mpaka Kinshasa, kuna daraja moja la kuvuka. Jeshi lile la Leta, Force Publique, lilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja. Askari yule yule alipigana vita, alikusanya kodi ya mpira, alifunga watu. Wazee wetu waliita vyote Bulamatari, hawakuona tofauti. Mpaka leo alama imebaki. Katiba yetu ya 2006, kifungu 156, inasema makosa ya watu wa jeshi na ya polisi wa taifa yanahukumiwa na mahakama za kijeshi. Kwa hiyo polisi akishitakiwa kumuua raia, haendi mbele ya majistra wa kawaida. Anaenda mbele ya wenye vyeo vya jeshi. Wengi wetu hatukufundishwa jambo hili, na bila kulijua huwezi kuelewa kesi inayofuata.

Floribert Chebeya aliongoza shirika la haki za binadamu, Voix des Sans Voix, pale Kinshasa. Tarehe 1 Juni 2010 aliitwa kwenye ofisi kuu ya polisi, akaonane na mkubwa wa polisi wote, Jenerali John Numbi. Alienda na dereva wake, Fidèle Bazana. Kesho yake Chebeya alikutwa amekufa ndani ya gari lake, nje ya mji, kwenye barabara ya kwenda Matadi. Vitu vilikuwa vimepangwa ndani ya gari ili watu wafikiri alikufa katika mambo ya wanawake. Na Bazana? Hakuonekana. Hata hukumu ya mwisho ilipotoka mwaka 2022, familia yake ilikuwa bado haijapewa mwili wa kuzika.

Hapa waliokuwa wanashukiwa ni polisi, na polisi hao hao ndio waliotangulia kufika kwenye gari, kwenye vitu na kwenye mashahidi. Kumpelekea nyani kesi ya ngedere, ndiyo hii.

Tarehe 23 Juni 2011 Mahakama ya kijeshi ya Kinshasa-Gombe ilitoa hukumu. Koloneli Daniel Mukalay alihukumiwa kifo, pamoja na watatu waliokuwa wamekimbia: Christian Ngoy Kenga Kenga, Jacques Mugabo na Paul Mwilambwe. Mmoja alipewa kifungo cha maisha, watatu wakaachiwa. Jenerali Numbi alisikilizwa kama mtu wa kutoa habari tu. Katika mahakama za kijeshi mtu hahukumiwi na mwenye cheo cha chini kuliko chake, kwa hiyo jenerali hawezi kusimama mbele ya mahakama ile. Familia ziliomba tena na tena ashitakiwe mbele ya mahakama ya juu. Haikufanyika.

Wakafanya apeli. Upande wa familia ulitaka ukweli wote na wakubwa wote, upande wa washitakiwa ulitaka kupona. Kesi ilifunguliwa Mahakama Kuu ya kijeshi mwaka 2012, ikasimama mwaka 2013, ikarudi 2015. Tarehe 17 Septemba 2015 ikatoka hukumu: Mukalay miaka 15, wengine wanne waliokuwa mbele yake wakaachiwa huru. Familia zililia. Kwao ile haikuwa apeli, ilikuwa mlango wa kufungia kesi.

Kama historia ingeishia pale, ningewapa haki wale wanaosema apeli ni ya bure. Lakini mambo hayakuishia pale.

Paul Mwilambwe, yule aliyehukumiwa kifo bila kuwapo, alikuwa amekimbilia nje. Yeye ndiye alikuwa na kazi ya usalama katika jengo lile la polisi, na alieleza kwamba aliona mauaji kwenye kamera za ofisi. Mwaka 2014 shirika la FIDH na familia walifungua mashitaka juu yake Senegali, ili angalau jaji mmoja, mahali popote, amhoji. Septemba 2020 Kenga Kenga alikamatwa Lubumbashi. Februari 2021 polisi wawili wa zamani walisema kwenye redio RFI, wakiwa uhamishoni, kwamba walikuwa katika kundi lililofanya kazi ile. Mugabo naye akakamatwa. Numbi akaondoka nchini. Tarehe 22 Septemba 2021 Mahakama Kuu ya kijeshi ikafungua tena kesi, na Mwilambwe akarudi mwenyewe Kinshasa kusema.

Hukumu ilisomwa tarehe 11 Mei 2022. Kenga Kenga: kifo. Mugabo, aliyekiri: miaka 12. Mwilambwe: ameachiwa huru.

Soma tena mstari huo wa mwisho. Mtu aliyehukumiwa kifo mwaka 2011 aliachiwa mwaka 2022. Tuseme mwaka 2011 alikuwa mikononi mwao, na mambo yalikwenda kama Ngandu: baraza, hukumu, risasi. Tungepoteza mtu ambaye mahakama yenyewe baadaye haikuona afungwe, na tungepoteza shahidi pamoja naye. Waliotaka kesi ife wangefurahi kuliko wote. Ndiyo maana ninasema apeli si huruma kwa mhalifu. Ni muda ambao ukweli unapewa ili utembee, maana ukweli unatembea kwa miguu na uongo unapanda piki-piki.

Lakini kesi ya Chebeya inatufundisha pia kwamba muda peke yake hautoshi. Jaji wa pili anaangalia makaratasi aliyopewa. Kama polisi waliharibu ushahidi siku ya kwanza, apeli itasoma uharibifu ule ule mara ya pili. Na kama kuna mkubwa ambaye cheo chake kinamweka mbali na mahakama, apeli itazunguka chini yake miaka yote bila kumgusa.

Kwa nini ninaandika haya kwa vijana wa Maniema, watu ambao wengi hatujawahi kufika Gombe? Kwa sababu mbili.

Kwanza, katikati ya Machi 2024 serikali ilitangaza kwamba hukumu ya kifo itarudi kutekelezwa, baada ya kusimamishwa zaidi ya miaka 20. Maana yake kosa la tribinali ya kwanza linaweza tena kuwa kosa lisilorudi nyuma, kama Ngandu.

Pili, haki hii ni yetu na ina saa yake. Katiba, kifungu 18, inasema polisi hawezi kukushika zaidi ya saa 48 bila kukupeleka mbele ya majistra. Kifungu 21 kinatoa haki ya kufanya apeli. Kifungu 61 kinasema haki ya kujitetea na ya rufaa haiguswi hata wakati wa hali ya hatari. Lakini katika kesi za jinai za kawaida una siku 10 tu toka hukumu. Mbele ya mahakama ya kijeshi, siku 5. Mahakama yetu ya rufaa iko Kindu, na kila mmoja wetu anaijua barabara ya Kasongo-Kindu wakati wa mvua. Mama wa kijijini ambaye mwana wake amefungwa, asipojua siku hizo 10, zitapita akiwa bado anatafuta mtu wa kumsomea karatasi.

Na sisi ndio watu wa kumsomea. Tuna diplome, tunajua Kifaransa cha tribinali, tuna simu. Mtu wa mtaa wako akihukumiwa, usimuulize kwanza kama ana kosa. Muulize hukumu ilisomwa tarehe gani, halafu hesabu naye siku zilizobaki. Mwaka 1893 mjumbe aliondoka hapa hapa Kasongo, akafika amechelewa. Leo mjumbe ni wewe.