Nani Mwenye Vyombo? Usiku wa Dar es Salaam, Kutoka Bugi Hadi Singeli

Mwezi Novemba 1969, viongozi wa serikali walipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Tangu Januari Mosi ya mwaka huohuo, vijana wa TANU walikuwa katika Operesheni Vijana, wakiwaandama mitaani wasichana waliovaa sketi fupi na wavulana waliovaa suruali za kubana. Soul nayo ikatiwa kapu moja na hayo: uhuni wa kigeni. Magazetini kukawa na mabishano. Wapo walioshangilia. Wengine waliuliza inakuwaje muziki wa watu weusi wa Marekani uwe wa kigeni kuliko rumba iliyokuwa ikipigwa kila wiki kwenye kumbi zilezile. Kwangu hilo ni swali zuri hadi leo.

Nia ya marufuku ile ilikuwa na mizizi ya heshima. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni, alisikitika hadharani kwamba wasomi wetu walizijua rumba na chachacha kuliko ngoma za babu zao. Alisema kweli. Tatizo ni kwamba vijana wa mjini hawakuona sababu ya kuchagua kimoja na kuacha kingine. Walitaka vyote, na walivichanganya wenyewe bila kuomba ruhusa.

Walikuwa na bugi. Hilo lilikuwa dansi la vijana, mara nyingi la mchana wa mwisho wa wiki, likipigwa na bendi kama The Rifters, The Sparks, Safari Trippers na Afro 70 ya Patrick Balisidya. James Brown na Otis Redding walikuwa walimu wao, na besi ikatoka nyuma ya gitaa ikaja mbele. Waliofika mbali zaidi katika njia hiyo ni Sunburst, bendi iliyoanza mwaka 1970 ikiwa na wanamuziki wa Tanzania pamoja na wa nchi nyingine. Mtindo wao waliuita kitoto: nyimbo za kienyeji juu ya fanki, roki na jazi. Mwaka 1976 walitoa albamu ya Ave Africa, na walikwenda kuirekodi Zambia, kwa kuwa hapa nyumbani bendi ilikuwa na mlango mmoja tu wa kurekodia, studio ya Radio Tanzania, na kiwanda cha santuri hakikuwapo kabisa. Haikupita muda Sunburst ikasambaratika. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2016 kampuni ya Uingereza, Strut, ilipozikusanya kazi zao na kuzitoa upya. Ukizisikiliza leo hutaamini zimekaa kimya miaka 40.

Kwa nini bendi ya namna ile isidumu? Jibu liko kwenye vyombo. Gitaa la umeme, amplifaya, dramu na spika vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na waliokuwa na njia ya kuzipata fedha hizo ni hasa mashirika ya umma. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu 1964, Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz mwaka 1971, polisi walikuwa na yao, shirika la mabasi la UDA na shirika la bima vilevile. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri, ilichukuliwa na shirika la jiji, DDC, mwaka 1983 na ndipo ikapata jina ambalo kila mtu analijua. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Akiondoka, aliondoka na sauti yake tu. Gitaa lilibaki stoo. Ndiyo maana mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye vyombo vya Orchestra Safari Sound, aliweza kuwavuta Muhidin Maalim Gurumo na wenzake kutoka Mlimani Park kwa mpigo.

Sisemi kwamba mfumo ule ulikuwa mbaya. Ulitupa muziki wa dansi ambao sioni mfano wake Afrika Mashariki, na wapigaji walilala wakijua kesho watakula. Ila ulikuwa mfumo wa watu wazima. Kijana wa miaka 17 mwenye kichwa kilichojaa fanki hakuwa na pa kugonga hodi.

Disko lilimpa nafasi ndogo. Kwenye disko palihitajika mtu mmoja, meza mbili za santuri na taa, na kufikia miaka ya 1980 Mbowe na kumbi nyingine za katikati ya jiji zilikuwa zikijaza vijana waliovaa kama wasanii waliowaona kwenye kanda za video. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara hadi 1994. Kanda ilikuja na ndugu aliyetoka Ulaya au baharia aliyeshuka melini, ikazungushwa mtaa mzima hadi ikachakaa.

Humo kwenye kanda ndimo ulimotoka muziki wa kufokafoka, kama magazeti yalivyouita. Mwanzoni ulikuwa mchezo wa watoto wa Upanga na Oysterbay, waliochana kwa Kiingereza. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliwageuza wote vichwa: alichukua midundo ya Wamarekani, ukiwamo wa Ice Ice Baby, akaimba juu yake kwa Kiswahili, akashinda mashindano ya Yo Rap Bonanza na kutoa kaseti ya Swahili Rap. Miaka miwili baadaye makundi kadhaa yaliungana kuwa Kwanza Unit, akina KBC na Rhymson, na hao waliuchukulia muziki huu kama taifa zima lenye itikadi yake. Mwaka 1995 Mr. II, kijana kutoka Mbeya, akatoa Ni Mimi. Redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza, Radio One ikiwa ya mwaka 1994, na kulikuwa na saa nzima za kujaza.

Tazama kilichokuwa kimebadilika. Kijana hakuhitaji tena gitaa la shirika. Alihitaji mashairi, nauli ya kufika studio, na mtu kama Bonny Luv wa Mawingu, Master J, au P-Funk Majani wa Bongo Records ambaye hata jina lake la kazi limebeba fanki. Kompyuta na kinanda vikafanya kazi ya wapigaji kumi. Kutoka hapo likazuka wimbi lote la bongo fleva: Hard Blasters na Funga Kazi mwaka 2000, Juma Nature na Wanaume wa Temeke wakijaza Diamond Jubilee. Mr. II na Profesa Jay wa Hard Blasters waliingia bungeni, mmoja mwaka 2010 na mwingine 2015.

Gharama yake ilikuwa pleibaki. Kizazi kizima kilipanda jukwaani na CD mkononi, mwimbaji akifuata sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, na watu wakalipa kiingilio kutazama midomo. Bendi za dansi zilikuwa zikipiga kweli wakati huohuo, Twanga Pepeta pale Mango Garden Kinondoni kila Jumamosi, lakini pande hizi mbili zilitazamana kwa dharau. Kilichosaidia kuponya ni tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na kushikilia msimamo kwamba anayepanda jukwaa la Ngome Kongwe apige muziki wa moja kwa moja. Lady Jaydee naye aliunda Machozi Band akathibitisha kwamba bongo fleva inaweza kusimama na dramu halisi nyuma yake.

Wakati wakubwa wakibishana juu ya pleibaki, uswahilini kulikuwa na jibu jingine kabisa. Tangu miaka ya 1990 makundi ya mchiriku yalikuwa yamechukua vinanda vidogo vya Casio, vile vya kuchezea watoto, yakaviunganisha na spika zilizochoka na ngoma za Wazaramo, yakapiga hadi asubuhi. Jagwa Music ndio waliojulikana zaidi. Albamu yao ya Bongo Hotheads ilitolewa Ubelgiji mwaka 2012. Huo mlio wa kukwaruza ambao fundi mitambo angeuondoa, wao waliufanya ndio utamu wenyewe.

Kutoka kwenye mchiriku, taarabu na vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani, ikazaliwa singeli. Anayetaka kuielewa asianzie kwenye simu, aende kwenye kigodoro Manzese, Tandale au Mburahati. Mtaa umefungwa kwa maturubai, umeme umevutwa kutoka nyumba ya mwenye shughuli, spika zimepangwa zikagusa paa. Dijei amekaa kwenye kiti cha plastiki na kompyuta mapajani, hana mitambo ya maelfu ya dola. Anachanganya kwa kubonyeza vitufe vya herufi, vidole vikienda kama vya mpiga kinanda. Kipande cha kinanda cha taarabu kimekatwa, kimezungushwa, kimeharakishwa. Mapigo yanapita 200 kwa dakika, mengine yanakaribia 300, wakati disko la kawaida ni kama 120. Juu yake emsii anachana bila kumeza mate, akiingiza majina ya waliomtunza. Wasichana wa kanga wanacheza kwa namna ambayo Operesheni Vijana isingeimudu.

Msaga Sumu, Sholo Mwamba na Man Fongo waliipeleka redioni, EFM ikiwa mbele. Sehemu ya kimajaribio ilikuzwa kwenye vyumba vidogo kama Sisso Studios ya Mburahati na Pamoja Records ya Duke. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Bamba Pana na Jay Mitta wakafuata na albamu zao, DJ Travella akaja na Mr Mixondo mwaka 2022, na madijei hao wakawa wanaitwa kupiga kwenye matamasha makubwa ya muziki wa kielektroniki Ulaya.

Kwa mara ya kwanza katika historia hii, mwenye vyombo ndiye mpigaji. Kompyuta ni yake, studio ni chumba chake. Asichokuwa nacho sasa ni ukumbi. Bilicanas, ambako ndiko lilikokulia disko la Mbowe, iliondolewa kwenye jengo lake Septemba 2016 kwa mgogoro wa pango na Shirika la Nyumba. Vigodoro vinapigwa marufuku, vinarudi, vinapigwa marufuku tena. Mei 2022 baraza la mazingira, NEMC, lilifungia kumbi na baa kadhaa kwa kelele, na wanaotaka kulala wana haki yao. Mtoto wa shule Manzese anahitaji usingizi kama wa Masaki.

Basi manispaa za Ubungo na Kinondoni zitenge eneo. Ukumbi mmoja wenye kuta za kuzuia sauti, saa zinazojulikana, na kiingilio ambacho kijana wa Mburahati anakimudu. Sunburst walilazimika kwenda Zambia ili wasikike. Madijei wa singeli wasilazimike kwenda Berlin kupata jukwaa lenye spika nzuri, ilhali wachezaji wao wako hapahapa, kituo kimoja cha daladala kutoka studio.