Turudi Mwanzo Upi?

Marekani kesi ya bunduki ikifika kortini, majaji wengi huuliza: walioidhinisha haki hiyo 1791 walimaanisha nini? Ndivyo kesi ya Heller ilivyoamuliwa 2008, raia akaruhusiwa kuweka bastola nyumbani kwake. Sasa nasikia wasee wakisema hata sisi Kulamawe tunahitaji majaji kama hao, juu wezi wa mifugo wana bunduki na polisi wako mbali.

Sawa. Lakini turudi mwanzo upi?

Sheria yetu ya silaha ilitungwa na mkoloni miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari. Bunduki ilikuwa ruhusa ya serikali, si haki yako. Uhuru ukaja, vita vya Shifta vikaanza, na katiba ya zamani ikamwachia rais atawale kaskazini kwa kanuni zake. Halafu 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa. Aliyekuulia ndugu au ngamia kati ya 1963 na 1967, bora adai alikuwa na nia njema, hungemshtaki. Isiolo imo kwenye sheria hiyo. Wazee wetu wakafungiwa mlango wa korti.

Huo ndio mwanzo wetu. Nani anautaka?

Katiba ya 2010 haikutupa haki ya bunduki. Hata ile ya NPR ni ya kuazimwa, na 2019 serikali ilizikusanya sehemu nyingi. Ila Kifungu cha 29 kinalinda usalama wa kila mtu, na cha 259 kinamwambia jaji asome katiba kwa kufuata lengo lake.

Kwa hivyo mimi siombi jaji anipe bunduki. Nataka aibane serikali ieleze mbona mchungaji wa Kulamawe bado anaihitaji.