Ndege hii ni ipi? Fumbo la picha kuukuu katika anga ya Afrika Mashariki

MCHEZO wenyewe ni rahisi. Mtu mmoja huweka mezani picha ya ndege ya zamani isiyo na maelezo yoyote, na wenzake huanza kubahatisha: iliundwa na nani, wapi, na katika mwaka gani. Anayeipata ndiye anayeleta fumbo linalofuata. Hakuna zawadi wala faini, ila fahari ya kutamka jina ambalo wengine walikuwa wamelisahau.

Nchini Uingereza mchezo huu una mizizi yake vitani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, raia waliojitolea kulinda zamu walifundishwa kutambua ndege kwa kivuli chake tu, maana kuikosea ya adui au ya rafiki kuligharimu maisha. Jarida la The Aeroplane Spotter lilianza kuchapishwa mwaka wa 1941 kwa ajili ya watu hao. Vita vilipokwisha mazoea yalibaki, na mwaka wa 1948 wapenzi wa ndege wakaunda chama chao, Air-Britain, ambacho kimekusanya kumbukumbu za ndege moja moja kwa herufi zake za usajili.

Kwa mkazi wa Mogogosiek, katika mashamba ya majani chai ya Konoin, Kaunti ya Bomet, huenda jambo hili likaonekana kuwa la watu wa mbali. Sivyo. Ukichora mstari ulionyooka kutoka Kisumu hadi Nairobi, utapita karibu juu ya mji wenyewe wa Kericho, kaskazini kidogo tu mwa Mogogosiek, kisha uingie msitu wa Mau. Katika miaka ya 1930 mstari huo ulikuwa kipande cha njia ya anga iliyounganisha London na Cape Town.

Kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari za kutoka London hadi Mwanza mwaka wa 1931, na mwaka uliofuata ikazifikisha Cape Town. Kisumu ndipo abiria walipoachana na ndege za kutua majini na kupanda za nchi kavu. Hapo ndipo fumbo la kwanza lilipo. Picha ya ndege ikielea kwenye Ziwa Victoria, yenye mabawa ya ghorofa mbili na injini tatu zilizoning'inizwa katikati yake, ni Short Calcutta, ya mwanzoni mwa miaka hiyo. Ikiwa ina bawa moja la juu na injini nne, hiyo ni Short Empire, na picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1930. Na ile ya nchi kavu iliyowapokea abiria kwenda kusini? De Havilland Hercules, ya injini tatu na mapezi matatu mkiani. Zilitengenezwa 11 tu duniani kote, na ni nadra mchezaji mgeni kuitaja.

Wazoefu wana utaratibu wao. Kwanza hutazama mabawa: ni safu moja au mbili, yamekaa juu au chini ya kiwiliwili, ncha zake ni butu au zimechongoka. Kisha hesabu ya injini na umbo lake, halafu kiwiliwili, na mwisho mkia. Rangi na maandishi huachwa nyuma kabisa, kwani rangi hubadilishwa kwa siku moja, lakini hakuna fundi anayebadilisha mkia wa ndege kwa kujifurahisha.

Hazina kubwa ya mafumbo ya Kenya ni Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1929 na Bi Florence Kerr Wilson, akisaidiwa na rubani Tom Campbell Black. Vita vilipozuka mwaka wa 1939 kampuni hiyo ilifungwa, na ndege na marubani wake wakachukuliwa na jeshi. Jina lake limebaki katika Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, na wengi wanaoutumia kila siku hawajui kwamba Wilson alikuwa mwanamke.

Miongoni mwa ndege za Bi Wilson ilikuwamo Avro Five. Ukimwonyesha mpenzi wa ndege picha yake, yenye bawa moja juu na injini tatu za duara, atapaza sauti, "Fokker!" Hatakuwa amepotea sana. Avro ilikuwa na kibali cha kuunda ndege za Fokker nchini Uingereza, ikaziita Avro Ten kwa kuwa zilibeba watu kumi, marubani wakihesabiwa. Avro Five ilikuwa mdogo wake, ya rubani mmoja na abiria wanne. Ziliundwa nne tu.

Jozi nyingine inayowatoa watu jasho ni De Havilland Dragon na Dragon Rapide. Zote zina mabawa ya ghorofa mbili na injini mbili. Siri iko kwenye ncha: mabawa ya Dragon yana upana ule ule hadi karibu na mwisho, ilhali ya Rapide huchongoka. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu shirika la East African Airways lilipoanza safari mwaka wa 1946, lilianza na Rapide sita.

Kuna pia makosa yaliyopendwa mno kuliko ukweli. Picha ya ndege ndogo ya manjano juu ya nyika hutajwa mara kwa mara kuwa ni ya Denys Finch Hatton, aliyekufa ndege yake ilipoanguka Voi mwezi Mei 1931. Mara nyingi ndege hiyo ni ile iliyotumiwa katika filamu ya "Out of Africa" ya mwaka wa 1985. Ubavuni ina herufi G-AAMY, na ya Finch Hatton ilikuwa G-ABAK.

Hadi hapo ni burudani. Mambo hubadilika mchezo unapofika katika miaka ya 1950, kwa kuwa hapo picha na kumbukumbu za wazee huwa ushahidi.

Mzee anaweza kusimulia kwamba aliona ndege kubwa ya injini nne yenye mikia miwili iliyosimama, ikizunguka juu taratibu. Maelezo hayo yanafaa ndege mbili. Ya kwanza ni Lancaster. Baada ya vita, hadi mwaka wa 1952, kikosi nambari 82 cha Jeshi la Anga la Uingereza kilitumia Lancaster kupiga picha za ardhi kutoka angani ili ramani zichorwe, na kilifanya kazi hiyo Kenya pia. Ya pili ni Lincoln, iliyotokana na Lancaster lakini yenye mabawa marefu zaidi, karibu mita 37 badala ya 31. Lincoln zililetwa Eastleigh, Nairobi, kuanzia mwaka wa 1953, nazo zilidondosha mabomu katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya wakati wa vita vya Mau Mau.

Moja ilipiga picha, nyingine ilipiga watu. Kuzichanganya si kosa la mchezo tena. Hivyo anayemhoji mzee hana budi kuuliza kwanza mwaka, au tukio linaloujulisha mwaka huo, kabla ya kumwonyesha picha yoyote, kwani picha ikitangulia huweza kuijaza kumbukumbu kitu ambacho hakikuwamo.

Harvard haina utata kama huo. Hii ilikuwa ndege ndogo ya mazoezi, ya injini moja, iliyofungwa mabomu madogo na kurushwa kutoka Mweiga. Ncha za rafadha yake zilizunguka kwa kasi kubwa kiasi cha kutoa mvumo mkali wa kukwaruza masikio. Aliyeusikia mara moja hausahau, na kwa Harvard sikio ni shahidi bora kuliko jicho.

Picha inapokuwa na herufi za usajili, kazi hupungua. VP-K ni Kenya ya ukoloni, VP-U ni Uganda, VR-T ni Tanganyika, VP-Z ni Zanzibar. Baada ya uhuru zilikuja 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda na 5H ya Tanzania. East African Airways, kwa kuwa mali ya nchi tatu, ilizigawia zote ndege zake: Super VC10 zake tano zilikuwa 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Hiyo ya mwisho haina uhusiano wowote na Mogogosiek, ingawa mtani wa Bomet anaweza kudai vinginevyo.

Ya kwanza iliteketea Addis Ababa mwezi Aprili 1972. Shirika lilipovunjika mwaka wa 1977, nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikapakwa rangi za kijeshi na kugeuzwa matangi ya kujazia ndege nyingine mafuta angani. Ndiyo maana picha ya ndege ya kijivu yenye maandishi ZA150 ni fumbo linalopendwa: hiyo ni 5H-MOG, VC10 ya mwisho kuundwa. Dada yake, ZA147, zamani 5H-MMT, ndiyo iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani, tarehe 25 Septemba 2013.