Kusoma vioo upya kwaepusha makosa ya maabara

Mkazi wa Nyacheki, eneobunge la Bobasi, Kaunti ya Kisii, anapokatwa kipande cha uvimbe ili kichunguzwe, kwa kawaida hamwoni daktari atakayeamua maradhi yake. Kipande hicho hutiwa katika formalini, hupelekwa maabara, huzamishwa katika nta, kisha hukatwa vipande vyembamba mno vinavyowekwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Ndipo mwanapatholojia anapokitazama kwa hadubini na kuandika ripoti. Akikosea, mgonjwa huenda akapasuliwa bure au akakosa dawa iliyomfaa.

Makosa kadhaa huanza kabla ya hadubini: jina kubandikwa kwenye chupa isiyo yake, formalini kutofika mara 10 ya ujazo wa kipande, au fomu kuletwa bila umri wa mgonjwa na historia ya uvimbe. Mengine hutokana na udhaifu wa jicho la binadamu, kwani seli za maradhi tofauti zaweza kufanana.

Njia mojawapo ya kuyapunguza ni kuzipitia kesi upya. Mwanapatholojia wa pili husoma kioo kabla ya ripoti ya saratani kutolewa. Aidha, vioo vya zamani huteuliwa bila upendeleo na kusomwa na mtu asiyejua jibu la kwanza. Nao madaktari wa upasuaji, wa eksirei na wa maabara hukutana kulinganisha waliyoyaona.

Afrika Mashariki ina ushahidi wa faida hiyo. Mwaka wa 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto akiuita sarkoma. Baadaye wanapatholojia Gregory O'Conor na Jack Davies walipitia upya kesi za watoto zilizohifadhiwa Kampala, ikabainika kwamba uvimbe huo, pamoja na mwingine wa tumboni, ulikuwa limfoma. Maradhi yaliyopewa majina mengi yakawa mamoja, na katika miaka ya 1960 ilidhihirika kwamba dawa ziliweza kuwaponya baadhi ya watoto ambao kisu kilishindwa kuwaokoa.

Nta yenye kipande huhifadhiwa baada ya ripoti kutolewa, hivyo yaweza kukatwa tena na kusomwa kwingine. Mgonjwa mwenye shaka anaweza kumwomba daktari wake afanye hivyo kabla ya matibabu makali kuanza. Kuomba hivyo si kumdharau aliyesoma kwanza.