LVM: Faida na hatari za kuunganisha diski za kompyuta

LVM ni programu ya mfumo wa Linux inayounganisha diski kadhaa za kompyuta ili zitumike kana kwamba ni ghala moja la kuhifadhia data. Ghala hilo hugawanywa vyumba, na chumba kinapojaa kinaweza kupanuliwa bila kuhamisha faili zilizomo.

Toleo la kwanza la LVM ya Linux liliandikwa mwaka wa 1998 na Heinz Mauelshagen, aliyefuata mfano wa mfumo wa HP-UX wa kampuni ya Hewlett-Packard. Mifumo kadhaa ya seva, ikiwemo Red Hat Enterprise Linux, huweka LVM yenyewe wakati wa kusakinishwa isipokuwa mhusika achague vinginevyo. Kwa sababu hiyo, wapo wanaoitumia bila kufahamu, na bila kupima hatari zake.

Chukua mfano wa zahanati ya kibinafsi katika mtaa wa Free Area, ulio kandokando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Nairobi. Tuseme diski ya seva yake imejaa rekodi za wagonjwa na za malipo. Fundi analeta diski ya pili, anaiingiza katika ghala la LVM na kukipanua chumba cha rekodi. Kazi inaendelea siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mpango huu.

Diski moja ikifa

Hatari inaanzia papo hapo. Kwa kawaida LVM hujaza diski moja kisha ikaendelea na nyingine, bila kuweka nakala ya ziada popote. Chumba kilichotandazwa juu ya diski mbili huharibika moja kati yazo ikifa. Samaki mmoja akioza, wote huoza.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kila diski ina uwezekano wa asilimia 5 wa kuharibika katika mwaka mmoja. Chumba kilicho juu ya diski mbili kitakuwa na uwezekano wa karibu asilimia 10, na cha diski tatu zaidi ya asilimia 14. Mwenye zahanati alidhani amenunua nafasi, kumbe amenunua na hatari. Lau diski hizo zingeachwa kila moja peke yake, kufa kwa moja kungeacha faili za nyingine zikiwa salama.

Umeme ukikatika

Hatari ya pili ni kukatika kwa umeme ghafla, jambo ambalo si geni nchini Kenya. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliyeangukia transfoma katika kituo cha Gitaru alisababisha giza nchi nzima. Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme tena kwa saa nyingi.

Diski hupokea data kwanza katika kumbukumbu yake ya muda kabla ya kuiandika kabisa. Katika matoleo ya zamani ya Linux, LVM haikuwa ikipitisha amri ya kuilazimisha diski kukamilisha uandishi huo kwa mpangilio unaotakiwa. Kasoro hiyo ilirekebishwa hatua kwa hatua kati ya mwaka wa 2009 na 2010. Seva kuukuu ambayo haijawahi kusasishwa ingali katika hatari hiyo, na hata seva mpya yahitaji UPS ili izimwe kwa utaratibu.

Makosa ya binadamu

Kupanua chumba ni rahisi. Kukipunguza ni jambo la kuogofya. Sharti mfumo wa faili upunguzwe kwanza, ndipo chumba kifuate. Fundi akigeuza utaratibu huo, atakata data iliyo mwishoni mwa chumba.

Aidha, LVM huweza kupiga picha ya hali ya chumba kwa wakati fulani, na baadhi ya watu huichukulia picha hiyo kuwa nakala ya akiba. Sivyo. Picha hukaa katika ghala lile lile, hivyo diski zikifa nayo hupotea. Isitoshe, picha ya aina ya zamani ikijazwa na mabadiliko hubatilika yote.

Vilevile, ramani inayoonyesha kila chumba kilipo huhifadhiwa katika diski hizo, na nakala zake katika saraka ya /etc/lvm. Ikiwa saraka hiyo nayo imo ndani ya ghala, vyote huweza kupotea pamoja.

La kufanya

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu kuwa na uwezo wa kuzirejesha tatizo la kiufundi likitokea. Nayo Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inaagiza rekodi za biashara zitunzwe kwa miaka mitano. Kuharibika kwa diski, basi, si hasara ya fundi pekee.

Anayetaka LVM aanze kwa kuweka nakala ya akiba nje ya seva, tena nje ya jengo, na kujaribu kuirejesha mara kwa mara. Pili, atumie diski pacha, yaani RAID ya kiwango cha 1, ambapo kila kinachoandikwa huandikwa mara mbili. LVM yenyewe inaweza kufanya hivyo. Tatu, ramani ya ghala inakiliwe mahali pengine. Diski ikianza kutoa dalili za ugonjwa, amri ya pvmove huhamisha data yake hadi nyingine ingali hai.

Kwa mwenye kompyuta moja yenye diski moja, faida ya LVM ni ndogo. Kwa seva ambayo data yake inakua kila mwezi, faida yaweza kuwa kubwa, mradi nakala ya akiba itangulie. Tahadhari kabla ya hatari.