Nani alikudanganya kwamba oto si gari la mwanaume?

Leo naingia kwa mjadala ambao umenisumbua wiki nzima hapa Kanamkemer. Brathe yangu mkubwa amekuwa akiweka akiba tangu aanze kazi ya boda, na sasa anataka kununua Subaru Impreza ya turbo. Anataka ya otomatiki. Siku aliyosema hivyo mbele ya maboyz pale stendi, walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Subaru bila klachi? Hiyo si ni gari ya mama ya kupeleka watoto shule!"

Brathe hakujibu. Goti lake la kushoto liliumia kwenye ajali ya boda na mpaka leo halikunji vizuri. Lodwar mpaka Kitale ni karibu kilomita 300, na kukanyaga klachi safari nzima kwake ni mateso. Lakini yeye si mtu wa kuomba huruma, kwa hivyo akanyamaza. Mimi ndiye nimeshindwa kunyamaza. Nimeenda kuchimba historia, na nimepata kitu ambacho wale jamaa wa stendi hawajui: kuna wakati magari ya oto yalikuja hapa hapa Kenya kupigania Safari Rally, na hayakuaibika.

Turudi 1979. Safari ilikuwa imeanza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kufikia 1979 ilikuwa inakimbiwa Kenya pekee, lakini usidhani ilikuwa imekuwa laini. Ilikuwa wakati wa Pasaka, mvua zikinyesha, maelfu ya kilomita za matope, vumbi na mawe, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Ukikata kona ungeweza kukutana na ng'ombe, lori, au matatu inayoenda zake.

Kwenye mbio hizo, Mercedes walileta 450 SLC 5.0. Hiyo ni kupe ya milango miwili, injini ya V8 ya lita 5, na giaboksi ya otomatiki yenye gia 3. Ndio, otomatiki. Na waliokaa nyuma ya usukani hawakuwa watu wa mchezo: Hannu Mikkola wa Finland na Björn Waldegård wa Sweden, ambaye mwaka huo huo alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva wa rali.

Matokeo? Shekhar Mehta alishinda na Datsun 160J ya klachi. Mikkola akamaliza wa pili. Wa pili, maze, kwenye Safari, bila klachi! Mwaka uliofuata, Mkenya Vic Preston Jr akamaliza wa tatu na Mercedes ya aina hiyo hiyo. Na katikati ya hizo Safari mbili, Desemba 1979, Mercedes walienda rali ya Bandama kule Ivory Coast wakachukua nafasi 4 za kwanza zote. Mikkola alikuwa wa kwanza, Preston Jr wa nne. Magari manne, na hakuna hata moja lililokuwa na pedali ya klachi.

Sasa nataka tuelewe kwa nini, maana hapa ndipo ubishi wa stendi unakufa.

Kama umewahi kuvuka laga huku Turkana unajua mchanga haukupi nafasi ya pili. Kwenye gari la klachi, kila ukibadilisha gia nguvu inakatika kidogo. Kwenye lami huoni kitu. Kwenye mchanga, huo muda mdogo unatosha gari kupoteza mwendo na kuzama. Ukijaribu kujitoa kwa kushikilia klachi nusu, sahani zinasuguana, unaanza kusikia ile harufu ya kuungua, na hapo bei ya safari yako imepanda. Otomatiki ya zamani ilikuwa na mafuta kati ya injini na giaboksi badala ya sahani za kukanyagia. Nguvu ilifika kwenye magurudumu polepole lakini bila kukatika. Tena mguu wa kushoto ukiwa huru, dereva anaweza kuutumia kwa breki bila kuachia mafuta.

Lakini tuwe wakweli. Hayo mafuta yalikuwa yanakula nguvu. V8 ya lita 5 ina nguvu ya kupoteza, Datsun ya silinda 4 haina. Mehta alihitaji kila farasi aliyekuwa naye, kwa hivyo klachi ilimfaa. Na ilimfaa kweli: alishinda 1979, 80, 81 na 82, juu ya ule ushindi wake wa 1973. Huyo ni mtu aliyezaliwa Uganda, familia yake ikafukuzwa na Amin mwaka wa 1972, akaja kuwa mfalme wa barabara zetu. Mercedes nao wakaacha rali baada ya 1980. Kwa hivyo siwezi kusema oto ilishinda vita. Ninachosema ni kwamba kila mmoja alichagua kulingana na injini yake na njia yake. Hakuna aliyechagua kulingana na kicheko cha watu.

Na ile ya "oto ni ya wanawake"? Safari ya 1983, Michèle Mouton wa Ufaransa alimaliza wa tatu na Audi Quattro, akipiga klachi kama kawaida. Mwanamke yuko na klachi, Mikkola yuko na oto. Hebu nieleze tena hiyo theori yako.

Baada ya hapo teknolojia ikageuza meza. 1989 Ferrari walileta gari la Formula 1 lenye vibao vya kubadilishia gia nyuma ya usukani, na Nigel Mansell akashinda nalo mbio yake ya kwanza kabisa, kule Brazil. Leo oto nzuri inabadilisha gia haraka kuliko mkono wa binadamu yeyote. Porsche wenyewe wanasema 911 GT3 iliyotoka 2021 inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4 ikiwa ya oto, na 3.9 ikiwa ya klachi. Lakini watu bado wanaililia klachi. Toyota walitoa Supra mpya 2019 ikiwa ya oto tu, mashabiki wakapiga kelele, na 2022 wakaongeza ya klachi. Maana yake ni nini? Klachi siku hizi ni raha. Na raha ni sababu nzuri kabisa ya kununua gari, mradi usiigeuze kuwa mtihani wa uanaume.

Hata Safari yenyewe iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, Sébastien Ogier alishinda na Toyota Yaris yenye kibao kwenye usukani. 2022 sheria zikabadilika ili kupunguza gharama, magari yakarudi kwa mkono wa gia wa kuvuta. Nani alishinda? Toyota tena, nafasi 4 za kwanza zote.

Ushauri wangu kwa mtu wangu wa Lodwar au Kakuma: kama mguu wako unaruhusu, jifunze klachi, kwa sababu Land Cruiser za mashirika na malori ya huku bado zinaitaka, na hiyo ni kazi. Ukishajua, nunua unachotaka. Kama ni raha ya kucheza na gia, chukua klachi, lakini jua magari mengi tunayoletewa kutoka Japani ni ya oto, kwa hivyo utatafuta sana. Kama ni kusafiri mbali bila kuchoka, chukua oto na usiombe mtu msamaha.

Brathe, najua utasoma hii ukijifanya hujaisoma. Chukua hiyo Impreza ya oto. Siku ukiiingiza stendi na wale jamaa waanze tena, waulize tu Mikkola alimaliza wa ngapi 1979, na alikuwa anakanyaga nini na mguu wa kushoto.