Kabla Hujauza Ng'ombe Ubadili Injini ya Lori

Mavuno yakikaribia huwa naulizwa swali lile lile: "Bwana Shamba, nikitoa injini kubwa ya lori langu nikafunga ndogo, si nitaokoa mafuta?" Juzi mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kuuza ng'ombe wanne kwa kazi hiyo. Nilimwomba asubiri, nikamsimulia habari hii.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziligoma kuiuzia Marekani mafuta. Pipa lililokuwa takriban dola 3 likakaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974, na mwaka 1979 bei ikapaa tena. Wakati huo pikapu na magari mengi ya mizigo midogo kule yalitumia injini za petroli za V8, nyingi zikiwa za lita 5 na zaidi.

Miaka ya 1980 kampuni ya Cummins ilitoa injini ya dizeli iitwayo 4BT: silinda nne, lita 3.9, yenye tabo. Ilifungwa kwenye magari ya kusambaza mikate, na baadaye mafundi wakaanza kuitoa kwenye magari yaliyochoka na kuipandikiza kwenye pikapu badala ya V8.

Je, mafuta yalipungua? Ndiyo. Lakini angalia sababu. Haikuwa udogo peke yake. Dizeli hukandamiza hewa zaidi kuliko petroli, hivyo hupata kazi kubwa zaidi kwa kila lita. Aidha, 4BT hukokota vizuri ikiwa kwenye mzunguko mdogo.

Sasa sikia upande wa pili. Injini hiyo "ndogo" ina uzito wa takriban kilo 340, kuzidi V8 nyingi za petroli ilizoziondoa. Springi za mbele zililemewa, na mtetemo ulikuwa mkubwa. Mwisho wake ni mizunguko kama 2,500 kwa dakika, kwa hiyo aliyeacha difu ya zamani alijikuta gari halikimbii. Ikabidi abadili giaboksi au difu, gharama juu ya gharama.

Kwako wewe, kama lori tayari ni la dizeli, faida hiyo kubwa umeshaipata. Ukifunga injini ndogo kisha ukapakia tani zile zile na kupanda mlima ule ule, utakanyaga mafuta hadi mwisho kwa gia nzito, na injini itachoka mapema.

Piga hesabu. Tuseme kazi yote ni shilingi 6,000,000, unaokoa lita 10 kila safari, na lita ni shilingi 3,000. Unaokoa shilingi 30,000, hivyo unahitaji safari 200 kurudisha fedha. Kama msimu una safari 40, ni miaka mitano, na ng'ombe wako wangekuwa wameshazaa.

Wamarekani wenyewe hawakuanza na injini. Mwaka 1974 walianza na sheria ya mwendo usiozidi kilometa 88 kwa saa. Nawe anza na vya bei nafuu: upepo wa matairi, chujio la hewa, nozeli, mwendo wa wastani, na usirudi na lori tupu. Ukiamua kubadili, pima uzito, giaboksi na difu kwanza, kisha ukarekebishe namba ya injini kwenye kadi ya gari.

Yule mfanyabiashara alisafisha nozeli na kubadili chujio. Ng'ombe wake bado wako zizini.